Sina kazi, na chuo kimeniita siku ya wahitimu wa zamani. Niende nikafanye nini?

Swali: "Habari. Chuo nilichosoma kimeandaa siku ya wahitimu wa zamani mwisho wa mwezi huu. Kutakuwa na jopo la watu waliofika mbali kwenye fani zao, alafu muda wa kuchanganyika na kufahamiana kama saa moja na nusu, na mwishoni kuna meza za ushauri, unakaa na mhitimu mkongwe dakika 15 unamuuliza mambo ya kazi. Mimi nilimaliza miaka mitatu iliyopita, nilisoma sosholojia. Nimefanya vikazi vya mkataba vya kukusanya data za utafiti, mkataba wa mwisho uliisha miezi minane iliyopita na toka hapo niko tu nyumbani natuma maombi hayajibiwi. Naogopa kwenda. Wenzangu wengi wameshapata kazi na najua swali la kwanza litakuwa 'uko wapi siku hizi'. Pili mi sio muongeaji, kwenye watu wengi nabaki nimesimama na simu mkononi. Rafiki yangu ananiambia nitoe kopi 20 za CV nimgawie kila mkubwa nitakayemuona, mwingine anasema nisijisumbue maana hizo ni koneksheni za watu wenye watu wao. Niende? Na nikienda nifanye nini hasa, maana sitaki kuonekana ombaomba."

Jibu:

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili na kilichonikaa zaidi sio CV wala jopo, ni hayo maneno ya mwisho, kwamba hutaki kuonekana ombaomba. Nimefanya kazi ya kushauri wahitimu miaka mingi na hofu hiyo naikuta kwa kila aina ya mtu, aliyefaulu sana na aliyefaulu kawaida, mwenye kazi anayetaka kuhama na asiye na kazi kabisa. Kwa hiyo kwanza ujue huko peke yako na hamna kitu kibaya kwako. Jibu langu fupi ni nenda. Ila usiende kutafuta kazi. Nenda kutafuta taarifa, na nenda ukiwa umejipangia kuongea na watu watatu au wanne tu, sio ukumbi mzima. Najua inasikika kama nakwepa swali maana shida yako ni kazi, sasa nivumilie nikueleze kwa nini nasema hivyo.

Nianze na hizo kopi 20 za CV. Rafiki yako anakutakia mema ila amechanganya vitu viwili. Kuna maonesho ya ajira, hapo kampuni zinakuja na nafasi mkononi na watu wao wa ajira wamekaa pale kazi yao ni kupokea CV. Siku ya wahitimu ni kitu kingine. Pale mtu kaja kama yeye, kaja kwa sababu alipasoma, kaja kuona wenzake wa zamani, na wengi wao hata wawe na vyeo hawana mamlaka ya kumwajiri mtu waliyekutana naye saa kumi jioni. Ukimpa CV anaikunja anaitia kwenye begi, sio kwamba ana dharau, ni kwamba hana pa kuipeleka. Na kibaya zaidi ile karatasi inabadilisha mazungumzo, dakika moja iliyopita mlikuwa watu wawili wa chuo kimoja mnaongea, sasa mmoja ameomba na mwingine anatafuta namna ya kutoka bila kukuvunja moyo. Atakwambia "sawa nitaangalia" na hapo mazungumzo yamekufa. Iandae CV yako vizuri, iwe kwenye simu tayari, mtu akiomba unamtumia palepale. Asipoomba iache ilale.

Sasa kwa nini watu usiowajua vizuri wana faida. We umesoma sosholojia kwa hiyo pengine ulishakutana na Mark Granovetter darasani, yule Mmarekani aliyeandika mwaka 1973 kuhusu nguvu ya mahusiano yasiyo ya karibu. Aliwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi kipindi kile? Karibu asilimia 17 tu ndo walisema walikuwa wanaonana mara kwa mara. Asilimia kama 56 walikuwa wanaonana mara mojamoja, na asilimia 28 hivi walikuwa hawaonani karibu kabisa, mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Aliohoji walikuwa wachache, ila mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio makubwa yaliyofanyika ndani ya LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, kwa miaka mitano, watu zaidi ya milioni 20, na picha ikawa inafanana na ile ya zamani, na wao waliongeza kitu kimoja muhimu, kwamba wanaosaidia zaidi mtu kuhama kazi sio marafiki wa damu na sio mtu msiyehusiana kabisa, ni wale wa katikati, mnafahamiana kidogo, mna watu wachache mnaowajua wote.

Sababu yake ukiifikiria ni rahisi. Rafiki zako wa karibu wanajua unachojua wewe. Mko kwenye magrupu yaleyale ya WhatsApp, mnaona matangazo yaleyale, nafasi ikitokea mnatumiana wote na wote mnaomba. Mtu wa mbali kidogo anaishi kwenye dunia nyingine, ana bosi mwingine, anasikia mambo ambayo hayatafika kwenu mpaka yamepoa. Sasa mhitimu mwenzako aliyemaliza miaka sita au kumi kabla yako ndo huyo wa katikati hasa. Hamjuani vizuri, ila kuna mwalimu mmoja wote aliwafundisha, kuna jengo wote mlilifanyia mtihani, kwa hiyo una sababu ya kumsogelea ambayo mtu wa barabarani hana.

Na taarifa ninayosema sio lazima iwe "kuna nafasi sehemu fulani". Nikupe mfano. Niliwahi kukaa na binti mmoja alikuwa na historia inayofanana na yako kabisa, sayansi ya jamii, mikataba ya kukusanya data, ukimya wa muda mrefu. Alienda kwenye shughuli kama hiyo akaongea na watu watatu tu. Mmoja alimsikiliza akamwambia, wewe unatafuta kwa jina la ulichosoma, sisi ofisini hatuandiki hivyo kwenye tangazo, sisi tunaandika ufuatiliaji na tathmini, yaani kazi ya kupima kama mradi unaleta matokeo. Basi. Hakupewa kazi, hakupewa barua, alipewa jina. Akaenda nyumbani akabadilisha anachotafuta na namna CV yake ilivyoandikwa, na ndo majibu yakaanza kuja kidogo kidogo. Na wewe nakwambia hivihivi, mtu aliyezunguka na dodoso miaka miwili, akajua kumfanya mtu asiyetaka kuongea aongee, akajua data chafu inafananaje, huyo mtu anatafutwa kwenye ufuatiliaji na tathmini, anatafutwa kwenye utafiti wa masoko, anatafutwa kwenye kampuni za programu za simu wanaotaka kujua watumiaji wanakwama wapi. Ila hamna tangazo hata moja litaandikwa "anatakiwa mwanasosholojia". Ukiwa nyumbani peke yako hilo huwezi kulijua, na sio kosa lako.

Rafiki yako wa pili anayesema ni koneksheni za wenye watu wao, simbishii moja kwa moja. Kubebwa kupo. Kuna nafasi zina mwenyewe kabla hazijatangazwa na nisingependa kukudanganya eti dunia iko sawa. Lakini kubebwa ni mtu asiyeweza kuwekwa mbele ya anayeweza. Kuuliza "kazi hii inafanyikaje na wanaangalia nini wakiajiri" sio kubebwa, ni kujua njia kabla hujatembea. Watoto wa watu wenye nafasi wanazipata hizi taarifa mezani nyumbani kwao bila hata kuuliza, mjomba anasema tu wakati wa kula. Wewe usiye na mjomba huyo, siku ya wahitimu ni moja ya sehemu chache sana ambapo hayo mazungumzo ya mezani yanafunguliwa kwa kila aliyesoma pale. Ndo maana inaniuma nikiona wanaojiondoa ni walewale wanaoihitaji zaidi.

Turudi kwenye ombaomba. Mtu akimpendekeza mwenzake kazini anaweka jina lake rehani. Yule mtu akiharibu, bosi hamkumbuki yeye tu, anakumbuka na nani alimleta. Kwa hiyo ukimwomba kazi mtu uliyemfahamu dakika tano zilizopita umemwomba kitu asichoweza kukupa hata akikupenda, na hapo ndo ile harufu ya kuomba-omba inapotokea, inatoka kwenye ukubwa wa ombi kulingana na umri wa uhusiano. Wala sio kwamba wewe ni mdogo. Ushauri na maelezo anaweza kukupa palepale bila kuhatarisha chochote, na watu wengi wanapenda kuulizwa kuhusu kitu wanachokijua. Watafiti Frank Flynn na Vanessa Lake walichapisha mwaka 2008 majaribio ambayo watu walitumwa kuomba wageni msaada mdogo, kwa mfano kujaza dodoso, na kabla hawajaenda waliulizwa wanadhani watalazimika kuwaomba watu wangapi. Walikadiria karibu mara mbili ya idadi waliyohitaji kweli. Yaani tukiwa upande wa kuomba tunaona "hapana" nyingi ambazo hazipo. Wewe umefanya kazi ya dodoso, ulishaona hili kwa macho yako, watu wangapi walikubali ambao ulidhani watakufukuza?

Sasa "uko wapi siku hizi". Litaulizwa, usijidanganye kwamba utalikwepa, kwa hiyo liandalie jibu mapema, liseme kwa sauti nyumbani mpaka lisikukwame kooni. Makosa ninayoyaona ni mawili, kuna anayedanganya ("nina miradi yangu fulani hivi") alafu akiulizwa mradi gani anababaika, na kuna anayejieleza sana, anamwaga miezi minane yote, maombi mangapi, nani alimwahidi nini, mpaka aliyeuliza anajuta. Kaa katikati. Sema ukweli kwa sentensi moja, sema unachokijua kufanya kwa sentensi moja, alafu sema unakoelekea na umrudishie mpira. Kitu kama: "Sa hizi natafuta, mkataba wangu wa mwisho ulikuwa wa kukusanya data za utafiti na ukaisha. Nimegundua napenda sana ile sehemu ya kuongea na watu na kusafisha data, kwa hiyo naangalia mambo ya tathmini. Wewe kwenu mnafanya utafiti wenyewe au mnawapa watu wa nje?" Umeona hiyo, haijafika nusu dakika, hamna uongo, hamna machozi, na sasa yeye ndo anaongea. Wengi wa waliopo pale walishapita kipindi kama chako hata kama leo wamevaa suti, ukisema neno "natafuta" bila kuinamisha kichwa utashangaa wangapi watakujibu "hata mi nilikaa mwaka mzima".

Na wenzako wa mwaka mmoja, wale ambao ndo unawaogopa zaidi, nisikufiche, anaweza kutokea mmoja akakujibu vibaya. Anatokea. Hilo likitokea muage kwa neno la heshima uondoke, huhitaji kushinda pale.

Kuhusu kutokuwa muongeaji. Kwanza hao waongeaji hawafanyi kinachodhaniwa. Watafiti Paul Ingram na Michael Morris wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walichapisha mwaka 2007 utafiti wa hafla moja kama hii, waliwavalisha wafanyabiashara kama mia moja vifaa vidogo vya kurekodi nani anaongea na nani. Kabla ya hapo watu wengi walisema wamekuja kukutana na wapya. Wakaishia kutumia karibu nusu ya muda wao na watu waliowajua tayari. Kwa hiyo usidhani wale wanaocheka kwa sauti pale katikati wanajenga mtandao wa ajabu, wengi wamejikusanya na wenzao wa zamani kwa sababu na wao wanaogopa, ila hofu yao ina kelele. Wewe ukiongea na wageni watatu tu kwa utulivu umeshawapita.

Pili, kuna kitu kinaitwa pengo la kupendwa, mtafiti Erica Boothby na wenzake walikiandika mwaka 2018. Watu wawili wasiojuana wakiongea alafu kila mmoja akaulizwa peke yake, kila mmoja anadhani mwenzake amempenda kidogo kuliko ilivyo kweli, na hilo pengo ni kubwa zaidi kwa watu wenye aibu. Ile sauti utakayoisikia ukirudi nyumbani, "nilisema upuuzi, aliniona mjinga", hiyo sauti haina kipimo kizuri. Usiitumie kuamua kama umtafute yule mtu tena au la.

Njia ninayoipenda kuliko zote kwa watu wa aina yako ni hii: piga simu ofisi ya wahitimu ya chuo, uwaambie unaomba kusaidia kwenye maandalizi. Kupokea wageni mlangoni, kuandika majina, kugawa beji, kushika muda kwenye meza za ushauri. Ukishika orodha ya majina unamsalimia kila mtu na hamna anayekuona umesimama na simu, una sababu ya kuwepo. Na baadae ukimsogelea mtu unaanza na "mi ndo nilikupokea pale mlangoni". Kwa mtu anayeishiwa maneno hiyo ni zawadi kubwa. Na kama kuna kiingilio na hali ni ngumu, mara nyingi wanaojitolea hawalipi, uliza bila aibu.

Kama hutaki kujitolea, basi fika mapema. Watu kumi ukumbini ni rahisi kuliko mia, vikundi havijafungana bado. Aliyesimama peke yake ndo wa kuanza naye, kuna uwezekano anaombea mtu amsogelee. Vikundi vya watu wawili waliogeukiana uso kwa uso viache, vya watatu au zaidi waliosimama kwa kuacha nafasi unaweza kuingia, unasikiliza kwanza, hamna ulazima wa kusema kitu dakika ya kwanza.

Nani wa kumtafuta? Hapa nina msimamo na najua wengine hawakubaliani nami. Kila mtu atakimbilia wale wa jopo, foleni itakuwa ndefu, utapata sekunde 40 na picha. Mi ningekwambia tafuta waliomaliza miaka mitatu mpaka saba kabla yako. Mkurugenzi aliingia kazini zamani kwa mlango ambao siku hizi umezibwa, hajui fomu za maombi za sasa zinafananaje. Huyu wa miaka mitano anakumbuka usaili wake wa kwanza waliuliza nini, na ndo yuko karibu na nafasi za chini zinapofunguka. Jopo lisikilize, ila ulisikilize ukijua kwamba wamealikwa waliofanikiwa, walioacha kazi nzuri wakafuata ndoto zao na wakaanguka hawajapewa kipaza sauti leo. Mtu akisema "mi nilithubutu tu", kathubutu yeye na mazingira yake. Uliza kitu kilekile kwa watu watatu. Majibu yanapokutana, hapo kuna kitu. Yanapopishana, basi ilikuwa njia ya huyo mmoja.

Dakika 15 za meza ya ushauri ndo mali yenyewe ya siku hiyo kwako, maana pale hamna haja ya kujipenyeza, mtu kakaa anakusubiri. Kama wanaandikisha mapema jiandikishe leo, na kama majina yametangazwa chagua kwa kazi anayofanya sasa, sio kwa ukubwa wa cheo. Dakika mbili za kwanza zitumie kwa ile sentensi yako ya utambulisho, usitoe historia ya maisha. Alafu maswali matatu yanatosha kabisa. La kwanza liwe la kawaida sana, kazi yako wiki iliyopita ilikuwaje, Jumatatu mpaka Ijumaa unafanya nini? Hilo linakuonyesha kazi ilivyo badala ya jina lake. La pili, ukipokea maombi ya mtu wa ngazi ya chini, kitu gani kinakufanya uyaweke pembeni, na kitu gani kinakufanya uyasome mpaka mwisho? Hapo ndo unaweza kumwambia, naomba nikusomee mistari miwili ya CV yangu uniambie ungeielewaje. La tatu uliache mwishoni: kwa haya tuliyoongea, kuna mtu mwingine unadhani ingenifaa kuongea naye? Hili la tatu nakuomba usilisahau, maana lenyewe ndo linakupeleka kwa mtu ambaye hakuja ukumbini, na unafika kwake ukiwa umetumwa na mtu. Andika majina na maneno yao kwenye daftari au simu palepale mkiachana, kichwa kitakudanganya, ukifika nyumbani sura tatu zitakuwa sura moja.

Alafu baada ya hapo ndo kazi yenyewe inaanza, na hapa ndo watu wengi wanapoharibu. Wanakusanya namba tisa na hawamtafuti hata mmoja, au wanamtafuta miezi mitano baadae siku wameona nafasi kwenye ofisi yake. Mtumie mtu ujumbe ndani ya siku moja au mbili, mfupi, wenye kitu kimoja mlichoongea: "Habari dada, ni mimi tuliyeongea meza ya ushauri kuhusu dodoso. Ulinishauri niweke namba kwenye CV, kwamba nilihoji watu wangapi na kwa muda gani. Nimeshabadilisha. Asante sana kwa muda wako." Hamna ombi ndani yake, hamna CV imebandikwa. Wiki tatu nne baadae mtumie tena ukiwa umefanya kitu alichokwambia, umesoma alichokutajia, umeongea na yule aliyekuelekeza, mpe mrejesho ilikuwaje. Ujumbe huu wa pili ndo unakutenga na wengine, kwa sababu mtu anayeshauriwa akafanya kweli alafu akarudi kusema ni adimu mno, na sasa yule mtu ameona kwa macho jinsi unavyofanya kazi. Kumbuka lile jina lililowekwa rehani, sasa ana sababu ya kuliweka rehani kwa ajili yako. Nafasi ikitokea kwao atakukumbuka bila kuombwa, au ukimuuliza halitakuwa ombi la mgeni tena. Asipojibu mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili hivi, kwa upole, alafu mwache. Kutokujibu mara nyingi ni kubanwa na mambo, usilibebe kama tusi.

Nikwambie ukweli kuhusu matarajio pia. Unaweza kwenda na ukarudi mikono mitupu kabisa. Hata mambo yakienda vizuri, kutoka mazungumzo mpaka kazi inaweza kuwa miezi, kwa hiyo maombi yako ya kawaida yasisimame. Na kama ukipima ukaona kabisa ukumbi umekushinda safari hii, kuna njia ya pili ambayo kwa watu wakimya wakati mwingine ni bora: ofisi ya wahitimu waombe wakuunganishe na mhitimu mmoja wa fani unayoitaka, au mtafute mwenyewe LinkedIn kwa jina la chuo, umwombe dakika 20 za simu kwa maswali yaleyale matatu. Inachukua muda zaidi kwa kila mtu mmoja na wengine hawatajibu, ila hamna kelele. Ninachokukataza ni kutofanya hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Jambo moja la tahadhari, na hili naliandika kwa uzito wote. Atakayekwambia kuna nafasi ila utoe hela ya "kuishughulikia", huyo ni tapeli hata kama ana beji ya chuo kifuani. Atakayetaka mkutane usiku, sehemu ya faragha, ndo muongee mambo ya ajira, usiende, iwe wewe ni wa kike au wa kiume. Mazungumzo ya kazi yanafanyika ofisini, kwenye simu au sehemu ya wazi mchana. Mtu akianza kudai mambo ya mwili ili akupe kazi hiyo ni rushwa ya ngono, tunza meseji zake na uwaambie ofisi ya wahitimu na mamlaka husika. Mtu mwenye nia njema hachukii ukisema tukutane pa wazi.

Mwisho kuna mambo ambayo kuandikiana hivi hakutoshi. Kama umetuma maombi mengi na hujaitwa hata usaili mmoja, tatizo linaweza kuwa kwenye karatasi, na hilo linahitaji mtu akae na CV yako mezani mstari kwa mstari. Ofisi ya ushauri wa kazi ya chuo chako waulize kama wanahudumia waliokwisha maliza, vyuo vingi vinafanya hivyo na wahitimu hawajui. Kama unaitwa usaili alafu unaishia hapo, waombe wakufanyie usaili wa mazoezi. Na kuhusu hofu, kuona aibu kidogo ukumbini ni kawaida kabisa, lakini kama kwa miezi sasa unakwepa watu, simu ikilia moyo unakimbia, unakosa usingizi siku kadhaa kabla ya shughuli yoyote, hiyo inatibika na inafaa umuone mtaalamu wa afya ya akili ana kwa ana. Vilevile miezi minane nyumbani inaweza kumla mtu taratibu bila yeye kujua. Kama wiki mbili au zaidi umekuwa huna hamu ya chochote, hulali au unalala kutwa, unajiona huna thamani, nenda hospitali au kwa mshauri nasaha wiki hii hii, kabla ya mambo ya wahitimu. Na mawazo ya kujidhuru yakikujia usisubiri hata kesho, mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi akupeleke.

Kama hayo ya mwisho hayakuhusu, basi cha kwanza ni simu kwa ofisi ya wahitimu, kesho asubuhi kabla watu hawajawa wengi. Uulize vitu vitatu: kama wanahitaji wa kusaidia siku hiyo, nani watakaa kwenye meza za ushauri, na unajiandikishaje. Alafu usiku ukae na ile sentensi yako ya "natafuta", uiseme kwa sauti mara kumi. Ukishatoka huko niandikie, niambie yule wa meza ya ushauri alikujibu nini kwenye swali la pili, na kama ukitaka tuipitie CV pamoja tukiwa na jibu lake mkononi.